Chupa ya Nyumba Ndogo

Wiki iliyopita mliniacha kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii, mkoba mapajani, nikiambiwa na afisa anayetafuna bigijii kwamba mapenzi ya mama hayalipi kodi ya nyumba.

Kwa aliyechelewa kufika, habari ni hii. Mume wangu alihama nyumbani akaenda kuishi na nyumba ndogo yake. Hoteli niliyokuwa nikifanyia kazi ikafungwa. Kisha huyo Baba Mtoto, ambaye hajui binti yake anavaa viatu namba ngapi, akaenda kudai apewe yeye amlee, kwa kuwa ana kazi, ana gari, na ana mwanamke wa kumwangalia mtoto.

Afisa akasema Ijumaa jioni atakuja nyumbani kwangu pamoja na baba. Nikimwonyesha mkataba wa kazi ya kudumu, wanaondoka wao wawili. Nisipouonyesha, wanaondoka watatu.

Kazi nilikuwa nayo nusu. Mgahawa mmoja wenye vitambaa vyeupe mezani ulinichukua kwa majaribio, ninunue mvinyo na niwafundishe wahudumu kuuuza. Nina stashahada ya hoteli, na chupa naifungua bila kumwaibisha mtu. Mwenye mgahawa, mjane tuliyekuwa tukimwita Madamu, alinipa masharti akiwa amesimama.

"Mvinyo wangu umelala stoo. Uamshe. Ukiamka, Ijumaa nakupa mkataba. Usipoamka, tusipotezeane muda."

Nilimpenda hapo hapo. Mwanamke amezika mume, amekunja mikono ya gauni, ameendelea na kazi. Nikajisemea, huyu ndiye mke. Si wale wengine.

Stoo yenyewe ilikuwa chini ya ngazi. Ndani yake mlikuwa na mvinyo mwekundu wa kiwanda kimoja kikubwa, chupa nzito zenye lebo ya maandishi ya dhahabu, zimejaa vumbi mabegani. Wateja walikuwa wanasoma bei kwenye menyu, wanakohoa, wanaagiza bia.

Aliyezinunua ni mhudumu mkuu wa baa, tuliyemwita Kaunta kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona miguu. Kabla yangu kazi ya kununua mvinyo ilikuwa yake. Alinunua kwa kutazama lebo, kama mtu anayechagua mchumba kwa picha.

"Dada, watu wa hapa hawanywi mvinyo," akaniambia.

"Wanakunywa. Wasichokunywa ni bei."

Nikaenda kwenye ghala la wakala wa kiwanda kile. Nikamwambia anionyeshe lebo ya pili.

Niwaeleze, maana nilikaribia kumpoteza mtoto kwa ajili ya jambo hili na ni haki yenu kulielewa. Kiwanda kikubwa cha mvinyo hakitoi mvinyo mmoja. Zabibu zikishakamuliwa na mvinyo ukalala kwenye mapipa, mtengenezaji huonja pipa moja moja. Yanayompendeza kabisa ndiyo anayoyachanganya kuwa ule wa dhahabu. Yanayobaki si mabovu. Ni ya mizabibu michanga, au ni pipa lililoshindwa kuelewana na wenzake. Hayo nayo anayachanganya, anayatia kwenye chupa nyepesi, anabandika lebo nyingine yenye jina jingine. Shamba ni lile lile na mkono ni ule ule, ila bei inashuka mpaka unashuku kuna kosa.

Na makosa yapo. Chupa ya kwanza niliyoonja ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi. Nikaigeuza nyuma, nikasoma yale maandishi madogo: imejazwa kwingine, kwa zabibu za kununua. Kiwanda kiliazima jina tu. Ya pili ilikuwa na ukakasi, ulimi ukabaki kama umelamba ubao. Nikaitema.

Ya tatu sikuitema.

Ulikuwa mchanganyiko wa zabibu za kabaneti na merlo, na kidogo ya shirazi kwa nyuma. Ulinukia matunda meusi yaliyoiva, ukapita ulimini bila kugombana na mtu, na nilipoumeza ukakaa kooni kama mgeni asiye na haraka.

"Huo ni wa mwaka mbaya," wakala akasema, akitaka kuniondoa. "Mvua ilinyesha wakati wa kuvuna. Chukua wa mwaka uliofuata."

"Ule wa dhahabu wa mwaka huo mbaya uko wapi?"

"Haupo. Mwaka huo hawakuutoa kabisa. Mtengenezaji alikataa kuweka lebo yake kubwa."

"Na zile zabibu zake bora, za mizabibu ya zamani, alizila?"

Wakala akaitazama chupa. Akanitazama mimi.

"Zimo humo," akasema polepole.

"Nipe makasha yote uliyonayo."

Ndivyo unavyopata mvinyo mzuri kwa bei ya mtu mwenye akili. Tafuta kiwanda kizuri, tafuta lebo yake ya pili, hakikisha wameijaza wenyewe, kisha uliza ni mwaka gani ambapo mkubwa alikosekana nyumbani.

Nimeitaja nyumba. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Asubuhi, viti vikiwa bado juu ya meza, niliwakusanya wahudumu. Nikawaambia tuna mvinyo wa lebo ya pili.

"Ya pili kama mitumba?" mmoja akauliza.

"Siyo mitumba."

"Kama daraja la pili, basi. Mteja atakubali kuambiwa anakunywa daraja la pili?"

Nikaona wanapotea. Nikaweka chupa mbili mezani, ya dhahabu na ile nyepesi.

"Sikilizeni. Mwenye shamba ni mmoja, ana nyumba mbili. Hii ni nyumba kubwa. Ndiyo yenye cheti. Anatoka nayo kwenye sherehe, anapiga nayo picha, watu wanaiamkia. Na hii ni nyumba ndogo. Haina cheti wala picha. Lakini mwulizeni jioni anataka kula wapi."

Wakacheka. Walicheka kupita kiasi. Mmoja alijifunika uso kwa trei. Kaunta aliinama nyuma ya mashine ya kahawa akakaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kuokota kijiko. Nikadhani nina kipaji.

"Nyumba ndogo," Kaunta akarudia alipoinuka. "Dada, wewe una moyo mgumu."

"Nimezoea."

"Haya. Mimi simo."

Sikumwuliza hayumo wapi.

Mvinyo ukaamka. Niliwafundisha waufungue mapema na kuumimina kwenye jagi upate hewa, kwa sababu bado ulikuwa mchanga na unahitaji kutuliza hasira. Niliwafundisha wampelekee anayekula nyama ya kuchoma, si anayekula samaki. Lakini kilichouuza ni lile jina. Wanaume walikuwa wanaagiza kwa kunong'ona huku wanacheka. Wake zao walikuwa wanaagiza kwa sauti.

"Leo mimi ndiye mwenye nyumba ndogo! Niletee mbili!"

Nami kila nilipozungusha kizibuo nilikuwa namzungusha mwanamke mmoja mnayemfahamu. Sikuficha raha yangu. Baada ya miezi ya kulia jikoni, nilikuwa nimepata njia ya kumwuza kwa glasi.

Madamu hakusikia. Alikaa ofisini kwake ghorofani, akiteremka kwa ngazi za jikoni kuonja supu na kupanda tena. Aliona chupa tupu zikitoka, basi. Na wahudumu wa zamani walikuwa wanapunguza sauti kila akipita. Hilo niliona, nikadhani ni adabu.

Ijumaa asubuhi nilikuwa napiga pasi sare ya binti yangu. Namwita Wakili kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa amekaa kitandani, nywele zimesukwa upya, mistari imenyooka.

"Nani amekusuka?"

"Anti. Jumapili, nilipokwenda kwa baba."

"Anti hana jina?"

"Analo. Lakini wewe ulisema jina lake lisitajwe ndani ya nyumba hii."

Nikabonyeza pasi.

"Mama, nikienda kwa baba nitakuwa na chumba changu peke yangu."

"Nani amesema unaenda?"

"Sijasema naenda. Nimesema nikienda." Akavaa soksi moja. "Tena Anti anajua hesabu. Ananieleza taratibu. Wewe unaeleza kama mtu anayekimbilia gari."

"Basi mwambie akulipie na ada."

"Usinikasirikie mimi, mama. Mimi sijaoa mtu."

Nilimvalisha sweta. Alipofika mlangoni akarudi, akanikumbatia kiunoni haraka haraka kama anayeiba, akakimbia. Nikaapa kwamba jioni nitaushika mkataba ule mkononi hata kama ni kwa kuung'oa na meno.

Mchana Madamu aliteremka kwa ngazi za mbele. Hajawahi. Alikuwa amevaa gauni jeusi na viatu vya kutokea. Akaketi meza ya katikati na mgeni wake, mwanamke wa rika langu, miwani ya gharama, mkoba umewekwa kwenye kiti cha peke yake.

"Utuletee mvinyo mwekundu mzuri," Madamu akaniambia kwa upole. "Na ukimaliza zamu, panda ofisini. Nimeshaweka sahihi yangu. Imebaki yako."

Nilishuka stoo nikiwa sigusi ngazi. Nikachagua chupa, nikaifuta, nikaanza kupanda.

Nikiwa bado kwenye ngazi nikasikia sauti ya mhudumu mpya, msichana aliyeanza kazi wiki hiyo hiyo, sauti safi kabisa, kama alivyofundishwa:

"Karibuni. Mtatumia nyumba kubwa au nyumba ndogo?"

Nimeolewa, kwa hiyo nimesikia ukimya wa kila namna. Ule sikuwa nimeusikia.

Yule wa miwani alivua miwani. Kisha akacheka, kicheko kikavu cha pua.

"Kumbe hata wafanyakazi wako wanajua, Mama Mdogo."

Madamu hakusogea. Alimtazama yule msichana aliyekuwa amesimama na kalamu yake.

"Nenda jikoni, mwanangu. Hujakosea kitu."

Mimi nilikuwa nimeganda na chupa mkononi. Nikaiacha kwenye ukingo wa ngazi Kaunta aliponivuta hadi kwenye korido ya vyoo, na huko ndiko nilikogundua kwamba kumbe ana miguu.

"Hukujua?" Alikuwa anajaribu kusikitika, lakini uso wake haukumtii. "Kweli hukujua?"

"Kujua nini?"

"Madamu hakuwahi kuolewa na marehemu. Alikuwa nyumba ndogo maisha yake yote. Huyo wa miwani ni binti wa nyumba kubwa. Wanagombea mgahawa mahakamani, na leo walikutana wapatane. Sisi wote tulidhani unajua. Tukasema, huyu mama ni jasiri."

"Kwa nini ulimtuma yule msichana kwenye meza ile?"

"Mimi?" Akaweka mkono kifuani. "Mwalimu si wewe, dada?"

Kabla sijamjibu, yule wa miwani akatokea kwenye korido, eti anatafuta pa kunawa. Hakunawa.

"Wewe ndiye wa mvinyo?"

"Ndiye."

"Kazi ya kudumu?"

"Naipata leo."

"Huipati. Umeuona uso wake?" Alisema bila chuki, kama anayenieleza hali ya hewa. "Mimi naweza kukupa. Mgahawa huu ni wa baba yangu na utarudi kwetu. Mwanasheria wangu anahitaji kitu kimoja tu, mtu wa kusema kwamba mwanamke yule mwenyewe, mbele ya wafanyakazi wake, hujiita nyumba ndogo. Mahakamani anajiita mke. Sema jina lile alilianzisha yeye. Liseme pale mezani, yeye akisikia, na huyu hapa akiwa shahidi. Mkataba naandika sasa hivi, kwa jina langu."

"Mimi nilimsikia kabisa," Kaunta akasema haraka. "Zaidi ya mara moja."

Nataka mnielewe vizuri. Sikuombwa nimsaliti mwanamke mwema. Niliombwa nimsaliti nyumba ndogo. Kwa miezi mingi nilikuwa nimelala chali nikimwomba Mungu anitilie mmoja wao mikononi, mmoja tu, nione naye anafukuzwa mahali alipojenga. Na sasa nimepewa, tena kwa malipo ya mtoto wangu.

Nikarudi mezani. Wale wawili wakanifuata.

Madamu alikuwa ameichukua chupa niliyoiacha kwenye ukingo wa ngazi. Ameifungua mwenyewe. Alikuwa anakunywa polepole.

"Huu ndio wenyewe?" akaniuliza.

"Ndiyo, Madamu."

"Ni mzuri."

"Ni mzuri."

"Umetoka shamba moja na ule wa dhahabu?"

"Shamba moja. Na mwaka huo ule wa dhahabu haukutoka. Kila kitu kizuri kiliingia humu."

"Kwa hiyo hakikupungua kitu ila jina."

"Hakikupungua kitu."

Yule wa miwani akagonga meza kwa ukucha. "Tusizunguke. Mwambie ni nani aliyeanza kuuita hivyo."

Madamu alinitazama. Hakuniomba. Hakukunja uso. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kusubiri hukumu iliyo mikononi mwa watu wengine, na nilichukia kwamba macho yale nayajua. Nilikuwa nayaona kwenye kioo changu.

"Mimi," nikasema.

"Una hakika?" akauliza yule wa miwani.

"Ni mimi. Mume wangu anaye mmoja. Nilitaka watu wamcheke."

Msinisifu. Haukuwa wema. Neno lile lilikuwa langu, lilitoka kitandani mwangu na jikoni mwangu, na nilikuwa nimelipata kwa ndoa nzima. Sikuwa tayari kumpa mtu mwingine aondoke nalo, hata kwa mkataba.

Yule wa miwani alichukua mkoba wake kutoka kwenye kile kiti. "Tutaonana mahakamani, Mama Mdogo." Akatoka bila kuaga mtu. Kaunta alikuwa ameshapotea nyuma ya kaunta, ametokeza kichwa tu.

Nikabaki nimesimama. Ndani yangu, nisiwafiche, nilikuwa nasubiri zawadi. Nimesema kweli. Nimekataa hongo. Katika hadithi hapo ndipo mtu anapokumbatiwa.

"Ahsante," Madamu akasema.

"Basi, ule mkataba..."

"Vua aproni."

Sikusikia vizuri. Au nilisikia.

"Madamu, mvinyo umeamka."

"Umeamka. Na kuanzia leo, kila mteja akiuagiza atageuka kunitazama mimi. Wameniita hivyo mazishini. Wameniita hivyo mahakamani. Sitaitwa hivyo kwenye meza zangu."

"Nitabadilisha jina leo leo. Nitauita lebo ya pili. Nitauita chochote."

"Midomo ya wateja utaibadilisha pia?"

"Mtoto wangu anachukuliwa jioni hii."

Akaweka glasi chini. Kwa mara ya kwanza nikamwona mzee.

"Pole, mama," akasema. Na alimaanisha. Hilo ndilo lililoniuma. Ningekuwa na mtu wa kumchukia njia nzima mpaka nyumbani, na hata huyo nikanyang'anywa.

Nikaikunja aproni. Nikatoka kwa mlango wa jikoni. Yule msichana mpya alikuwa ameinamia sinki analia, nikampita.

Naishi ghorofa ya juu kabisa. Nilipanda ngazi nikitunga uongo. Nitamwambia afisa mkataba unachapwa. Nitamwambia bosi amesafiri. Nitamwambia naumwa, maana mgonjwa hanyang'anywi mtoto mlangoni, sivyo?

Nilipofika juu nikakuta begi kubwa la magurudumu mbele ya mlango wangu. Juu ya begi amekaa mwanamke. Kando yake amekaa Wakili, daftari la hesabu magotini, penseli mdomoni.

Nilimjua kwa mistari ya nywele kichwani mwa binti yangu kabla hajainua uso.

"Shikamoo, dada," akasema, akasimama.

Sikuitikia.

"Wakili. Ingia ndani."

"Ufunguo unao wewe, mama."

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Baba amemfukuza. Amekuja kunisubiri shuleni kwa sababu hajui unapokaa. Kuna mwingine sasa. Ameingia leo asubuhi." Akaitoa penseli mdomoni ili aeleze vizuri. "Yaani nyumba ndogo ya nyumba ndogo."

"Nyamaza."

"Ni kweli, dada," yule mwanamke akasema. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa imara. Alikuwa mdogo kuliko nilivyokuwa nimempanga kichwani, na kiatu chake kimoja kilikuwa kimekatika mkanda. "Nimeamka nikakuta anabeba vitu vyangu nje. Akasema nisifanye fujo, majirani watasikia."

Nayajua maneno hayo. Neno kwa neno.

"Sasa umekuja kwangu nikufute machozi?"

"Nimekuja kwa sababu ya afisa. Alipokuja kule kukagua, mimi ndiye niliyesaini kwamba nitamlea mtoto. Ni kwa ajili yangu ndiyo alikubali. Nikimwambia simo tena, na kwamba huyo aliyeingia hataki hata kusikia habari za mtoto, baba yake hana cha kuonyesha."

"Basi mwambie! Anakuja jioni hii. Kaa hapo hapo umwambie."

Akatikisa kichwa.

"Akinikuta nje na begi, atasema nimefukuzwa ndiyo maana nasema. Atasema ni hasira. Na mume wako atacheka, unamjua anavyocheka. Lakini akinikuta ndani kwako, nimekaa, wewe umenipokea..." Akaelekeza kidole mlangoni. "Wewe ukinipokea, dada, nani atabisha? Wewe ndiye mwenye sababu ya kunifukuza kuliko mtu yeyote duniani."

"Kisha akiondoka?"

Akatazama begi lake. "Sina pa kulala."

"Kwa usiku mmoja?"

Akapangusa vumbi kwenye kiatu kilichokatika mkanda. Wakili akafunga daftari lake.

Chini, lango la chuma likalia. Miguu ya watu wawili ikaanza kupanda ngazi, na sauti ninayoijua, sauti iliyowahi kuniita mke wangu, ikapanda mbele yao:

"Huku, afisa. Ghorofa ya juu. Usishangae, ni pembamba."

Nikaingiza ufunguo. Nikausukuma mlango. Wakili akaruka ndani, akageuka, akasimama kwenye zulia akiningojea mimi, si yeye.

Yule mwanamke hakuvuka. Alisimama nje ya kizingiti, mkono kwenye mpini wa begi, akinitazama usoni. Hakuwa mtu wa kuingia nyumba ya mtu bila kualikwa. Ajabu gani hiyo, na kwa mume wangu aliingia bila hodi.

Kilichohitajika ni neno moja, lile la kumkaribisha mgeni. Nimelisema mezani kwa watu nisiowahesabu, wanaonuka, wanaodharau, wanaonipigia vidole. Hata msichana wa wiki moja analijua.

Miguu ikafika ghorofa ya chini yetu.

Nikafungua mdomo.